Watu Wanne wa Jengo Namba Kumi na Saba

Jengo Namba 17, ghorofa ya chini
4 Machi

Kwa Afisa Mipango Miji,
yaani wewe, Rula,

Salamu nitakupa mwishoni, kama hasira itaniachia nafasi.

Leo asubuhi nimeshuka kufungua cherehani yangu nikakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango mkubwa. Gundi waliyotumia si ya mchezo. Nimejaribu kuibandua ikatoka na rangi. Imeandikwa kwamba jengo letu limebainika kuwa kaya inayotoa hewa ukaa nyingi kuliko zote katika eneo hili kwa kila mtu, na kwamba litabomolewa baada ya siku tisini chini ya Mpango wa Mtaa Safi. Muuguzi wa chumba cha sita ndiye aliyetufafanulia hewa ukaa ni nini: ule uchafu wa majiko, umeme na magari unaoipasha dunia joto. Nikamwuliza, sisi? Sisi ambao tunagombania friji moja? Akasema Dada, mimi nimesoma tu kilichoandikwa.

Chini ya karatasi kuna saini. Ile herufi ya kwanza yenye mkia mrefu nimeiona kwenye madaftari yako tangu darasa la pili, nikiyafunika kwa gazeti kwa mikono yangu hii. Usinidanganye kwamba ni ya mtu mwingine.

Nimekupigia simu mara tisa. Mara ya tisa nikamtukana yule mwanamke wa kwenye mtambo anayesema mteja hapatikani, maskini, hana kosa. Kwa hiyo nimekuja mwenyewe hadi ofisini kwako, na mlinzi akaniambia afisa yuko kikaoni. Karani wa kaunta, Mungu amjalie, akanipa ujanja: barua ya mwananchi ikishapigwa muhuri, lazima ijibiwe ndani ya siku kumi na nne. Basi naandika hapahapa kaunta, kwa kalamu iliyofungwa kamba ili isiibiwe.

Nijibu mambo mawili. Nani alitupima, na alitupimaje? Na wewe uliposaini, ulijua karatasi itabandikwa kwenye mlango gani?

Nafasi ya salamu haijapatikana.

Dada yako


OFISI YA MIPANGO MIJI
15 Machi

Ndugu Mwananchi,

KUHUSU: MALALAMIKO YAKO YA TAREHE 4 MACHI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Ofisi inakushukuru kwa kuonyesha nia ya kushiriki katika Mpango wa Mtaa Safi. Tathmini ya kaya ilifanywa kwa kutumia usomaji wa mita za umeme na kumbukumbu za mauzo ya gesi kwa kipindi cha mwaka mmoja. Jengo Namba 17 lina mita moja na limesajiliwa kuwa nyumba ya familia moja yenye watu wanne. Jumla ya hewa ukaa kwa mwaka ni kilo elfu kumi na tisa, sawa na kilo elfu nne mia saba na hamsini kwa kila mtu. Kiwango cha juu kinachokubalika ni kilo elfu mbili.

Mwenye jengo ameridhia. Wakazi wanaotambuliwa watapewa makazi mbadala katika Viwanja Vipya, kilomita thelathini na moja kutoka katikati ya jiji. Pingamizi, kama lipo, litasikilizwa na Kamati tarehe 28 Aprili.

Wako katika ujenzi wa jiji,

Afisa Mipango Miji


Jengo Namba 17
16 Machi

Rula,

Hii haipiti kaunta. Hii nimeishonea kwenye mfuko wa ndani wa gauni la mkeo, na nimemwambia wifi asiifungue mpaka akukabidhi mkononi. Yako mambo humu ambayo yakipigwa muhuri tumekwisha.

Kwanza, ukiniita tena Ndugu Mwananchi nitakuja hapo ofisini na mkasi.

Pili. Wanne! Umeandika watu wanne, na ukaweka nukta. Wewe uliyelala kitanda kimoja na watoto watatu wa Fundi Redio, miguu yako puani kwa mwenzio, leo umepata wapi watu wanne? Sisi ni thelathini na nane, vyumba kumi na kimoja, na unajua kama unavyojua jina la mama. Hao wanne ni wa kwenye karatasi ya usajili: baba, mama, mimi na wewe. Wawili kati yao wako makaburini, na mmoja amehamia Viwanja Vipya na kununua magari mawili. Kwa hiyo kama ni kufuata ukweli wa karatasi yenu, moshi wote huo nautoa mimi peke yangu, na cherehani yangu ni ya kukanyaga.

Umesahau siku za ukaguzi? Mkaguzi akionekana tu kona ya barabara, mama alikuwa anapiga sufuria mara tatu. Watu walitawanyika, magodoro yalisimamishwa ukutani, na ndala zote zilizokuwa mlangoni zilifichwa, zikabaki jozi nne. Nani alikuwa anazibeba ndala kwenye gunia hadi juu ya paa? Wewe. Tena ulijisifu kwamba hujawahi kusahau hata moja. Tulidanganya kwa sababu sheria yenu inasema nyumba ya familia moja haikai familia nyingine, na watu hawa hawakuwa na pengine pa kwenda. Uongo ule ulikulisha.

Nakueleza tunavyoishi, labda kiyoyozi kimekugandisha kumbukumbu. Jiko ni moja la gesi, tunapika kwa zamu, sufuria moja kubwa kwa jengo zima. Pasi moja. Friji moja, kila mtu ana kona yake na ugomvi wake. Muuguzi anatembea dakika kumi hadi hospitali. Fundi Redio anashuka ngazi tu, yuko kazini. Hakuna hata mmoja wetu mwenye gari. Gawanya hizo kilo elfu kumi na tisa kwa watu thelathini na nane: ni mia tano. Mia tano, Rula! Sisi ni robo ya kiwango chenu, na mnatubomoa kwa uchafu.

Rekebisha hiyo namba. Uliiandika wewe, ifute wewe.

Dada yako


Viwanja Vipya
20 Machi

Dada,

Barua yako imenifikia na uzi wake. Wifi yako alicheka mpaka aliponiona uso.

Nilijua. Sitajifanya. Fomu ilipofika mezani ikiwa na namba nne, nilikaa nayo siku nzima. Lakini hebu fikiri kama mtu mzima, si kama mtu anayetafuta ugomvi. Ningeandika thelathini na nane, kesho yake lingekuja gari la idara nyingine kabisa, wale wa msongamano wa watu majumbani, na wao hawatoi siku tisini wala makazi mbadala. Wanatoa kufuli. Nilikuwa na namba mbili mkononi, zote mbaya, nikachagua ile iliyowapa muda. Badala ya asante napata mkasi.

Na mimi nina hasira zangu, kama zinaruhusiwa katika ukoo huu. Kila nikiongea na wewe narudi kuwa yule wa kubeba gunia la ndala. Nimesoma, Dada. Nimepanga barabara ambazo watu wanazipita. Mwanangu ana chumba chenye dirisha, na dirishani anaona nyasi. Unalipendea nini shimo lile? Choo kimoja ghorofa nzima, foleni na ndoo, kila mtu anajua mwenzake amegombana na nani. Ukisema ni umoja nakubali, lakini mimi ulinichosha.

Chukueni nafasi ya kuhama. Jiji linabadilika, na halitatusubiri.

Usimtumie tena mke wangu kama bahasha.

Mdogo wako


Jengo Namba 17
2 Aprili

Rula,

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza na ya pili zilikuwa matusi matupu, nikazichana kwa heshima ya mama.

Jumatatu alikuja mpima ardhi na vigingi vyake. Jua kali, shati limelowa, tukampa kiti na chai, maana hasira zetu si zake. Akaanza kupiga kigingi cha kwanza karibu na mlango wa duka langu, nikamwuliza, mwanangu, hapa baada yetu panakuja nini? Bustani? Shule? Akasita. Kisha akakunjua mchoro wenu juu ya meza yangu ya kukatia.

Maegesho ya magari. Ghorofa tano, magari mia mbili na arobaini.

Nilisoma mara mbili, nikamwita Muuguzi asome na yeye, labda macho yangu yameanza kuzeeka. Mnabomoa watu thelathini na nane wanaotembea kwa miguu, mnawapeleka kilomita thelathini na moja, ili watu wanaokaa kilomita thelathini na moja wapate pa kuegesha. Halafu mnauita mpango wa hewa safi! Mpima ardhi wa watu aliona haya, akamaliza chai bila kuinua uso. Wewe ulichora hiyo, na kwenye barua ya tarehe ishirini ukaniambia habari za nyasi dirishani.

Sasa sikia la pili. Jumapili nilipokuja kwenu, hukushangaa kwa nini nimekuja bila kugombana? Nilikuja na fomu yenu. Karani aliniuzia nakala tupu. Wewe ulikuwa umelala, wifi anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na mimi nikazunguka nyumba yako na yule binti yako, tukahesabu kama mchezo. Viyoyozi viwili. Friji ya jikoni, na friji nyingine ya vinywaji, ambayo ndani mlikuwa na chupa mbili na limau. Kipasha maji. Halafu magari mawili, yako na ya wifi, kila moja kilomita sitini na mbili kwa siku kwenda na kurudi, na foleni juu. Fomu haina pa kuandika magari. Muuguzi akanitafutia kiwango cha petroli kwenye kitabu cha kazini kwao, tukaongeza wenyewe.

Watu watatu. Kilo elfu kumi na nne na mia nne. Kila mtu kilo elfu nne na mia nane, na mtoto wako ana miaka saba.

Umeona? Hata kwa ule uongo wetu wa watu wanne, bado mmetushinda. Nani aliondoa magari kwenye fomu? Nijibu hilo tu.

Dada yako


Viwanja Vipya
9 Aprili

Dada,

Uliingia nyumbani kwangu na fomu ya ofisi, ukamtumia mwanangu kunihesabu. Ameenda shuleni kutangaza kwamba baba yake ni mchafu kuliko mtaa mzima. Sikutegemea hilo kutoka kwako.

Safu ya Usafiri ilifutwa na wakubwa kabla fomu haijafika mezani kwangu. Mimi ni afisa wa ngazi ya kati, natekeleza. Maegesho vilevile ni uamuzi wa juu.

Nimesikia mnataka kupeleka pingamizi na kutaja idadi kamili. Nakuomba, na safari hii nakuomba kweli: usifanye. Siku mtakaposema thelathini na nane, mtakuwa mmekiri kuvunja sheria ya familia moja, na swali litakalofuata ni kwa nini afisa aliyezaliwa humo hakusema. Nitafukuzwa. Nina mkopo wa nyumba hii na mtoto wa shule.

Kuna nyumba ya kona kwenye mtaa wa tatu, vyumba vinne, baraza, nafasi ya duka lako. Inatolewa kwa kaya inayotambuliwa, na inayotambuliwa kwenye usajili ni wewe. Chukua. Waache wengine wajipange, kila mtu ana ndugu zake.

Mdogo wako


Jengo Namba 17
12 Aprili
(IPIGWE MUHURI)

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Pingamizi
Nakala: Afisa Mipango Miji

KUHUSU: PINGAMIZI LA KUBOMOLEWA JENGO NAMBA 17

Sisi wakazi tuliotia saini hapa chini tunapinga. Kumbukumbu zenu zinasema tuko wanne. Tuko thelathini na nane. Tulificha idadi yetu kwa miaka mingi kwa kuogopa kufukuzwa, na kosa hilo tunalikubali. Tukigawanywa sawasawa, kila mmoja wetu anatoa kilo mia tano kwa mwaka.

Tunaomba tathmini irudiwe kwa nyumba zote za jiji, za mjini na za pembezoni, kwa fomu moja yenye safu ya usafiri. Tunaomba ianze na nyumba za maafisa walioiandaa.

Tumesaini kila mtu kwa mkono wake. Bibi wa ghorofa ya juu ametia dole gumba, na amesema andikeni kwamba hakulazimishwa na mtu.

Kwa niaba ya wakazi,
Fundi Cherehani


Viwanja Vipya
20 Aprili

Wifi yangu,

Mume wangu hajui kwamba nakuandikia. Nimechoka kuwa katikati, kwa hiyo nimeamua kuchagua upande.

Unajua nafundisha shule iliyo mjini, mitaa miwili kutoka kwenu. Naondoka hapa kabla binti hajaamka, narudi anataka kulala. Saa tatu kila siku ndani ya gari, mimi na redio. Watu wanasema nina bahati, nina bustani. Bustani yenyewe naiona Jumapili.

Sasa nikuambie. Yeye ana tabia ya kuleta nyumbani karatasi za ofisi zilizotumika upande mmoja, ili mtoto achore upande mwingine. Anajivunia sana, anasema tunaokoa miti. Jana nilikuwa nabandika michoro ya binti ukutani. Karatasi moja imechorwa gari jekundu, na dereva mwenye meno mengi. Nikaigeuza ili nitie gundi, nikaona ni ile fomu ya tathmini. Rasimu ya kwanza. Safu ya Usafiri ipo, kamili. Imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, kwa kalamu nyekundu, na pembeni kuna mwandiko wake: "Safu hii iondolewe. Itawagusa wakazi wa Viwanja Vipya, wakiwemo watumishi wa ofisi hii." Kuna saini na tarehe.

Kwa hiyo hakuna wakubwa waliofuta. Nilimwuliza tukiwa mezani, bila kumwonyesha karatasi: nani alifuta? Akaniangalia machoni akasema wakubwa. Wifi, nimeolewa naye miaka kumi na moja na sikujua kwamba anaweza kudanganya bila hata kupepesa. Nilikasirika mpaka nikaacha chakula, nikaenda kukaa ndani ya gari limezimwa.

Karatasi nakutumia. Sitaki kukuambia uifanye nini. Ni mume wangu, lakini alikuwa mdogo wako kabla hajawa mume wangu.

Wifi yako, Mwalimu


Jengo Namba 17
24 Aprili

Rula,

Ninayo karatasi. Usimwulize mtu nimeipata wapi. Itoshe kwamba nyuma yake kuna gari jekundu.

Nimekuwa nikiitafuta namna ya kukutetea tangu nilipoisoma. Nikajisemea labda ni mwandiko unaofanana. Labda alilazimishwa. Kisha nikauangalia ule mstari. Hakuna mtu mwingine duniani anayefuta kitu kwa kutumia rula, ndiyo maana tulikubandika jina hilo. Wenzako wangechora tu kwa mkono, wewe ulitafuta rula, ukaiweka, ukavuta. Ulikuwa na muda wa kufikiri.

Ulifuta magari yako, ukaacha jiko letu.

Nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo, hata mwaka ule mwenye jengo alipotukatia maji. Yule hakunijua. Wewe unaijua sauti ya kila mlango humu ndani. Unajua Bibi wa juu hawezi kupanda basi, kwamba akitolewa hapa hatamwona daktari tena. Ulijua na ukavuta mstari.

Tarehe ishirini na nane nitakuwa pale. Nitakuja na karatasi kwenye mkoba. Mwenyekiti ataniuliza maswali yake, nitamjibu ya kwangu. Lakini hili nakuachia wewe useme kwa mdomo wako, kwa sababu ukilisema mwenyewe ni kosa, na nikilisema mimi ni aibu. Simama useme: tathmini haikuwa sawa, safu moja niliiondoa mimi. Maneno kumi hayafiki. Nitakaa kimya nikusubiri.

Dada yako


OFISINI
30 Aprili

Dada,

Asante.

Nilikuona umeshika mkoba magotini. Nilijua huwezi kunifanyia vile mbele za watu.

Uamuzi nimeupata leo. Kwa kuwa wakazi wamekiri msongamano, Kamati imeona haina haja ya kurudia tathmini. Jengo linaondolewa kwa sababu zote mbili. Wanaotambuliwa wanabaki kuwa wanne wa kwenye usajili, maana asiye halali hawezi kuhesabiwa. Sikuweza kufanya zaidi kwa wengine, lakini ile nyumba ya kona nimeipigania na imepita. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii.

Tulia sasa. Umefanya makubwa kwa ajili ya watu. Fanya kidogo kwa ajili yako.

Mdogo wako


Chumba cha Muuguzi, nyuma ya kituo cha mabasi
17 Julai

Rula,

Ufunguo wako huu hapa. Umekaa kwenye kopo la vifungo tangu ulipoutuma, na sijawahi kuutia kwenye kitasa.

Asante! Uliandika asante. Nimepokea matusi mengi maishani mwangu kutoka kwa wateja ambao nguo ziliwabana, lakini hakuna lililoniuma kama hilo.

Nikukumbushe ulivyofanya, kwa sababu naona kwenye kumbukumbu zako umeshasafisha. Mwenyekiti alikugeukia akakuuliza, Afisa, kuna lolote katika utaratibu wa tathmini ambalo Kamati inapaswa kulijua? Ukanyoosha tai. Ukasema, hakuna. Neno moja. Nilikuwa nimeshafungua zipu ya mkoba, vidole viko juu ya karatasi, na Muuguzi alikuwa ananikanyaga mguu, sema, sema. Nikakuangalia. Shingo yako ilikuwa imetoka jasho vilevile ilivyokuwa inatoka siku za mtihani. Nikafunga zipu. Mwenyekiti akasema, kama hakuna mwenye la kuongeza, tumemaliza. Nami nikawa mmoja wa wasio na la kuongeza.

Tarehe mbili Juni walikuja na mashine. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walisimama upande wa pili wa barabara na mafurushi yao, na nyumba ya kona ilikuwa imetangazwa kwa jina langu ubaoni, herufi kubwa. Basi wakaanza kunitazama. Fundi Redio, ambaye tumekula sufuria moja miaka ishirini, akaniuliza mbele ya wanawe: Dada, ulituambia tusaini idadi kamili, kisha wewe ukapata nyumba, hebu nieleze nimwelewe nani. Ningemwambia nini? Kwamba nilikuwa na dawa kwenye mkoba nikaionea huruma shingo yako?

Bibi wa juu alikwenda kwa mpwa wake, mwendo wa mabasi mawili. Alifariki wiki ya tatu. Usinijibu kwamba alikuwa mzee. Alikuwa mzee na daktari wake alikuwa mtaa wa pili.

Muuguzi ndiye pekee aliyenikaribisha, na yeye ndiye aliyenikanyaga mguu. Tunaishi wawili kwenye chumba kimoja, na bado hajaniuliza kwa nini. Hapo ndipo nilipoanza kutembea. Siku zote za Juni niliwafuata mmoja mmoja kule walikotawanyikia, nikiwa na fomu yenu na safu nimeichora upya kwa mkono. Waliokubali kunifungulia mlango nimewahesabu, ambao hawakufungua nimewahesabu kupitia dirishani. Fundi Redio amenunua pikipiki kuukuu, anatoka mbali kila siku. Kila familia imenunua jiko lake na friji yake, ndogo, ya mitumba, inayokula umeme kuliko mpya. Watu walewale waliokuwa wanatoa kilo elfu kumi na tisa sasa wanatoa kilo elfu arobaini na moja. Na kwenye taarifa yenu ya robo mwaka, ambayo karani amenisomea, mmeandika kwamba jengo letu limeshuka kwa asilimia mia. Lazima lishuke, limebaki vigingi!

Juzi nimepita pale. Jengo namba 19 lina karatasi mlangoni. Namba 21 pia, na 23. Gundi ileile, saini ileile, mkia uleule. Mama mmoja wa namba 19 alikuwa anaisoma kwa kidole, akaniuliza, fundi, wewe yalikupata, hivi hapa tunafanyaje? Wako mia moja na kumi na wawili katika majengo hayo matatu. Kwenye karatasi zenu ni kumi na moja.

Pingamizi lao ni Jumatano, saa nne asubuhi. Wameniomba niwe shahidi, na nimekubali.

Usije nyumbani kunilainisha. Usimtume wifi, yeye ameshaniambia atakaa mstari wa mbele, ameomba ruhusa shuleni. Usinikumbushe mkopo wala ada ya mtoto. Mtoto nitamshonea na kumlisha, yeye hajafuta kitu. Nimekulea nikidhani kazi yangu ni kukufunika. Madaftari nilifunika, makosa nilifunika, na tarehe ishirini na nane Aprili nikakufunika kwa nyumba za watu thelathini na nane. Najichukia kwa siku ile kuliko ninavyokuchukia wewe, na wewe nakuchukia vya kutosha.

Jumatano nitasimama. Mwenyekiti ataniuliza nina uhusiano gani na afisa aliyefuta safu ile, maana lazima aulize, imo kwenye utaratibu wao. Nitamwambia ni mdogo wangu, tumbo moja, nimemlea mimi. Halafu nitaisoma karatasi mpaka mwisho, pamoja na saini.

Dada yako